Kwa nini kamera yenye madirisha mawili inakata watu vichwa

SWALI: Shikamoo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Ujiji, na mwisho wa wiki napiga picha za harusi na za mwaloni Kibirizi, wanakotua wavuvi wa Kigoma. Kaka yangu aliyeko Dar es Salaam ameninunulia Fujifilm X-Pro2 iliyotumika, pamoja na lenzi ya 35mm f/2 na ile ya 18-55. Nikichungulia kwenye kioo naona vizuri kuliko kamera yoyote niliyowahi kushika, ila picha zinazotoka sizo nilizoziona. Watu nimewakata vichwa. Wengine wana ukungu usoni huku ukuta wa nyuma yao umekaa safi. Za jioni ufukweni zimetoka nyeupe tupu. Betri nayo haifiki saa nane mchana. Fundi mmoja ameniambia kioo kimehama, nimpe hela akifungue. Nimpe, au tuirudishe kamera tununue ya kawaida?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Usimpe hela. Kwa maelezo yako hakuna dalili ya kitu kilichohama ndani ya kamera hiyo. Kukifungua kioo kile ni kuleta ubovu ambao haukuwepo, kwa sababu vipande vyake vimepangwa kwa vipimo vya kiwandani na vumbi likishaingia humo halitoki kirahisi. Kuirudisha pia usiharakishe. Nisome kwanza hadi mwisho.

Malalamiko yako ni manne. La betri nitalieleza peke yake huko mbele, lakini matatu ya kwanza yana mzizi mmoja. Umepewa kamera yenye madirisha mawili ndani ya tundu moja la kuchungulia, nawe unatumia moja kwa kazi zote. Dirisha la kioo linakuonyesha mahali ulipo. Dirisha la skrini linakuonyesha picha itakayotoka. Mpiga picha wa kamera hii kazi yake ni kuamua, kila mara anapoinua mkono, ni lipi analolihitaji kwa wakati huo.

Nikueleze linavyofanya kazi, maana ukilielewa hili mengine yatakaa yenyewe. Kwenye zile kamera za DSLR tulizozizoea, mwanga unaingia kwenye lenzi, unagonga kioo kinachopinduka, unapanda hadi jichoni. Kamera nyingi za siku hizi zimekiondoa kioo hicho. Unatazama skrini ndogo ndani ya tundu, na skrini hiyo inalishwa na sensa, kile kibao cha ndani kinachopokea mwanga na kutengeneza picha. Aina zote mbili zina jambo moja la kufanana: unatazama kupitia lenzi. Yako haiko hivyo. Fujifilm waliuleta mfumo huu kwenye X100 mwaka 2011, wakaupeleka kwenye X-Pro1 mwaka 2012, na X-Pro2 yako ni ya mwaka 2016. Kona ya juu ya kamera kuna kijidirisha cha kioo, na ukichungulia unatazama nje moja kwa moja, kama mtu aliyesimama dirishani kwake. Ile mistari myeupe ya fremu na namba unazoziona zikielea zinatoka kwenye skrini iliyomo ndani, zinarushwa kwenye kipande cha kioo kilicho mbele ya jicho lako. Ukisukuma kiswichi kilicho mbele ya kamera, pazia dogo linajifunga, mandhari ya nje yanapotea, na unabaki na skrini peke yake. Hapo ndipo unapoona kile lenzi inachokiona.

Sasa vichwa.

Ishike kamera kama unayetaka kupiga. Dirisha liko kushoto juu, lenzi iko kulia na chini kidogo. Jicho lako na lenzi vinatazama upande mmoja lakini havijasimama mahali pamoja. Vimetengana kwa sentimita chache. Mtu akiwa mbali sentimita hizo si kitu. Kwa lenzi yako ya 35mm, ukutani umbali wa mita 5 picha inabeba eneo la upana wa mita 3 na zaidi, na kimo cha mita 2 na ushee. Ondoa sentimita tatu nne hapo, nani atajua? Lakini msogelee bibi harusi hadi sentimita 60 ili umchukue uso, eneo lote sasa ni kama sentimita 40 kwa 26. Sentimita zile zile chache ni paji la uso. Na kwa kuwa lenzi iko chini ya dirisha, inaona chini zaidi ya unavyoona wewe, basi kinachokatwa ni juu: kilemba, shela, nywele zilizosukwa tangu alfajiri. Ukiisimamisha kamera kwa picha ndefu, upande unaokatwa unabadilika, kwa hiyo usikariri kwamba ni juu siku zote.

Kamera inalijua tatizo hili na inajaribu kukusaidia. Ukibonyeza kitufe nusu, inapima umbali wa mtu na kuisogeza ile mistari myeupe mahali pake pa kweli. Ila kabla hujabonyeza haijui mtu yuko wapi. Wengi wetu tuliotoka kwenye kamera nyingine tuna mkono wa haraka: tunapanga, tunabonyeza hadi chini mara moja, imekwisha. Kwa kamera hii hiyo ni nusu ya kazi. Bonyeza nusu, tulia, tazama mistari imehamia wapi, panga upya ndani ya mistari hiyo mipya, ndipo umalizie. Ni kama sekunde moja tu, na baada ya wiki tatu mkono unaifanya bila kuambiwa.

Nina sababu ya kusisitiza. Nilipoanza na X-Pro1 nilialikwa kwenye harusi hukohuko Ujiji. Bibi mzaa mama wa bwana harusi alikuwa ameketi kibarazani kwenye mkeka, amefunga kilemba cha kitenge cha rangi ya machungwa, mikono juu ya magoti. Nilimsogelea karibu sana kwa sababu uso wake ulikuwa na nuru. Kwenye kioo kilemba kilikaa chote ndani ya mistari, nikaona hata ile pindo iliyochomekwa juu ya sikio. Nilipiga mara mbili, nikaondoka kwenda kumfuata bwana harusi. Jioni nilipozifungua, kilemba kilikuwa kimekatwa katikati na sikio moja halimo. Miezi michache baadaye bibi alifariki, na familia ilipokuja kuomba picha ya kuweka msibani, ile ndiyo iliyokuwa ya karibu kuliko zote. Waliichukua hivyo hivyo. Tangu siku hiyo, mtu akiwa karibu nami kuliko urefu wa hatua moja, nahamia skrini bila kujadiliana na nafsi yangu. Nakushauri uanze na sheria hiyo hiyo: chini ya mita moja, skrini.

Kabla ya harusi yako ijayo fanya zoezi hili. Tafuta ukuta wa matofali ya kuchoma ambao haujapigwa lipu, Ujiji haukosi. Weka lenzi ya 35mm. Simama mita 5, panga fremu kwenye kioo, bonyeza nusu, hesabu matofali mangapi yamo ndani ya mistari kwa kimo na kwa upana, piga. Sogea mita 2, rudia. Sogea mita 1, rudia. Malizia sentimita 60. Kisha fungua picha zako uzihesabu matofali. Utagundua mambo mawili. Kwa mbali picha inabeba ziada kidogo nje ya mistari, maana mistari ya kioo huonyesha kama asilimia 92 tu ya kinachopigwa, na hiyo ni akiba yako. Kwa karibu akiba hiyo inaliwa na ule mtengano wa dirisha na lenzi. Ukilifanya zoezi hili mara moja kwa mikono yako, utajua kwa matofali, si kwa maneno yangu, kioo kinaanza kukudanganya kuanzia hatua ya ngapi.

Ukungu usoni ni mtoto wa mama huyohuyo. Kile kisanduku cha fokasi unachokiona katikati ya kioo nacho kinaelea. Kabla ya kubonyeza nusu hakijakaa pale lenzi inapolenga. Unakiweka juu ya pua ya mtu aliye karibu, lenzi inalenga kulia na chini ya pua hiyo, inapita pembeni mwa shavu, inaukuta ukuta na kuushika. Kamera inalia kuonyesha imeshika fokasi, nayo inasema kweli: imeshika ukuta. Kwenye menyu ya fokasi kuna chaguo la kuonyesha kisanduku cha pili, kinachokupa makadirio ya mahali fokasi itakapoangukia mtu akiwa karibu. Kiwashe leo. Halafu kuna msaada mwingine ambao watu wengi wana kamera hii miaka miwili bila kuujua. Ukiwa kwenye kioo, vuta kile kiswichi cha mbele upande wa pili, na pembeni chini kulia kitatokea kijiskrini kidogo kinachoonyesha eneo la fokasi likiwa limekuzwa. Unaona dunia yote kwa kioo, na kwa kona ya jicho unathibitisha kama jicho la mtu limekaa. Mimi nakitumia sana kwa wazee na watoto waliotulia. Kwa watu wanaocheza ngoma hakifai, kinakuvuta macho.

Jambo lingine linalotokana na kioo: kila kitu kinaonekana wazi, cha mbele na cha nyuma, kwa sababu unatazama kwa jicho lako tu. Ukifungua lenzi hadi f/2, yaani tundu lake liwe pana, picha itatoka na nyuma laini, lakini kioo hakikuonyeshi ulaini huo. Na kinyume chake kinauma zaidi: unadhani ndoo nyekundu nyuma ya bwana harusi itayeyuka, kumbe uko kwenye f/8, tundu dogo, na ndoo imekaa kama imealikwa. Ukitaka kujua nyuma itakaaje, sukuma kiswichi, tazama skrini, rudi.

Twende kwenye picha zako nyeupe za jioni. Ufukwe wetu unatazama magharibi. Jua la Kigoma linazama ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, juu ya milima ya Kongo, na saa hiyo ndiyo wavuvi wanaosha vyombo, wanapakia taa na nyavu kwenda kuvua dagaa usiku. Kwa hiyo mpiga picha wa Kibirizi jioni anapiga akilielekea jua karibu kila mara. Kioo hakijui lolote kuhusu hilo. Uweke kamera ipige giza totoro au mwanga wa kuunguza, kiooni utaona jioni ile ile nzuri, kwa sababu unaona kwa jicho. Ndiyo maana hukushtuka. Kamera imepima vivuli vya mitumbwi, ikaongeza mwanga, anga ikaungua yote.

Dawa yake ni hii. Ufikapo, kabla ya kupiga hata moja, hamia skrini. Elekeza kule unakotaka kupiga, zungusha gurudumu la kupunguza mwanga mpaka rangi ya anga irudi na wavuvi wawe vivuli vyenye umbo, au wawe na uso kidogo, utakavyo wewe. Mimi hapo naacha mambo ya otomatiki: naweka spidi (muda ambao mwanga unaingia), namba ya f na ISO (wepesi wa sensa kwa mwanga) kwa mkono, napiga moja ya majaribio, naitazama, kisha narudi kwenye kioo na kufanya kazi. Kila baada ya dakika kumi hivi nachungulia skrini tena, maana jua letu likishafika usawa wa milima halisubiri. Kama hupendi kuhamahama, unaweza kuiwasha grafu ndogo ya mwanga ionekane ndani ya kioo. Ikirundikana ukingo wa kulia, anga imeungua.

Na chunguza kitu kimoja kwenye kamera yako sasa hivi. Gurudumu la kuongeza na kupunguza mwanga liko ukingoni kabisa upande wa kulia, pale kidole gumba kinapopita. Likisuguana na begi au na kanga uliyojifunga kiunoni linageuka kimyakimya hadi +1 au +2, na kwenye kioo hutaona tofauti ila kijimshale kwenye kipimo cha pembeni. Sitashangaa kama nusu ya picha zako nyeupe chanzo ni hicho. Nimejizoesha kulipapasa kila ninapoitoa kamera kwenye begi, kama mtu anavyopapasa funguo mfukoni.

Baada ya lawama zote hizi utauliza: sasa kioo cha nini, si nitumie skrini tu siku zote? Unaweza, na picha zitatoka. Lakini utakuwa umekiacha kile ambacho kamera hii imetengenezewa, na kwa mtu anayepiga Kibirizi hiyo ni hasara kubwa.

Nenda mwaloni asubuhi, siku za giza, si za mbalamwezi, kwa sababu mwezi ukiwa mpevu taa za wavuvi hazivuti dagaa na wengi hupumzika. Fika kabla jua halijatoka nyuma ya vilima vya mji. Simama, weka jicho la kulia kwenye kioo na la kushoto liache wazi. Kwa lenzi ya 35mm tumia ukuzaji mkubwa, na bado utaona nafasi nje ya mistari myeupe. Nafasi hiyo ndiyo mali. Ndani ya fremu kuna mama anamwaga dagaa mchangani kutoka kwenye beseni, wanatapakaa kama fedha. Nje ya fremu, upande wa kushoto, unamwona kijana anakuja mbio na ndoo mbili kichwani na mkononi, maji yanamwagika mgongoni mwake. Mtu wa skrini hamwoni mpaka awe ameshaingia, na akishaingia amechelewa. Wewe unamwona hatua nne kabla. Unasubiri. Mguu wake ukikanyaga mstari unabonyeza. Na shata ikipiga kioo hakizimi, unauona ule mkono wa mama uliokuwa hewani wakati uleule picha inapochukuliwa, kwa hiyo unajua umeupata kabla hujatazama nyuma ya kamera. Kwenye skrini kuna kufumba kidogo kila unapopiga. Ni kufupi, lakini tukio la kweli nalo ni fupi.

Alfajiri kabla hakujapambazuka tofauti ni kubwa zaidi. Skrini gizani inajaa chengachenga na inaburuta mtu anapokimbia. Kioo hakiburuti kitu. Jicho lako likishazoea giza unaziona taa za mwisho ziwani zikirudi, na mtu aliyesimama kwenye ncha ya mtumbwi akishika kamba.

Kuna faida nyingine isiyoandikwa kwenye maelezo ya kiwandani. Kwa kuwa kioo kiko pembeni, pua yako inakaa nje ya kamera na jicho la kushoto liko wazi, mtu unayempiga anauona uso wako. Wazee wetu hawapendi kutazamwa na kitu kisicho na uso. Nimeona mara nyingi bega la mzee likishuka anapoona unatabasamu huku unapiga. Ombi la ruhusa linabaki palepale, hilo halina kamera. Kama lakini unatumia jicho la kushoto, faida hii unaipoteza kwa kiasi, uso wako utaziba nyuma ya kamera. Jaribu kujifunza la kulia. Ni shida siku chache tu.

Kuhusu lenzi zako mbili sina maneno mengi. Ile ya 35mm f/2 imechongwa nyembamba kwa mbele makusudi ili isizibe dirisha, na inavumilia matone ya maji kama mwili wa kamera unavyovumilia, jambo la maana ukiwa kwenye boti. Kuvumilia matone si kuzama, lakini. Ile ya 18-55 ni lenzi nzuri ila ni nene, inaziba kona ya chini kulia ya kioo, na ukiivalisha kofia yake ya kuzuia jua inaziba zaidi. Mistari ya fremu inafuata unapovuta na kurudisha, hilo inafanya vizuri, lakini utakuwa unapanga picha huku robo ya kona imefichwa na bomba jeusi. Mtoto anaweza kukaa humo usimwone. Kwa hiyo ya 18-55 itumie na skrini, ya 35mm itumie na kioo. Siku ukipata lenzi ndefu, tuseme unakwenda Gombe kwa sokwe, skrini tena. Kwa lenzi ya 90mm na kuendelea fremu ndani ya kioo inakuwa ndogo kama stempu, hupangi kitu humo, na sokwe mweusi ndani ya msitu mweusi anataka uone mwanga wa picha kabla ya kupiga. Flashi kule izime kabisa.

Ukumbini kuna jambo litakalokutisha usipoambiwa mapema. Ukiweka spidi na namba ya f kwa mkono ukategemea flashi, skrini inaweza kuwa nyeusi tii, kwa sababu inakuonyesha picha ingetokaje bila flashi. Kamera haijafa. Ama zima kwenye menyu lile chaguo la kuonyesha mwanga wa picha unapotumia mkono, ama tumia kioo, ambacho ukumbini na flashi ni raha tupu. Lakini zile taa za zambarau na kijani za jukwaani, ukipiga bila flashi, zitazame kwenye skrini kwanza. Jicho linazisamehe, sensa haizisamehi, na bibi harusi hatakusamehe.

Rekebisha pia kioo kwa jicho lako. Kushoto kwa tundu kuna kigurudumu kidogo. Watu hukizungusha wakitazama mti au mtu aliye mbele, na hiyo si njia. Tazama zile namba na mistari myeupe, zungusha mpaka ziwe kali. Kama unavaa miwani, kona za fremu utaziona kwa shida kidogo, bora ulijue hilo mapema kuliko kudhani ni ubovu.

Betri. Kwa vipimo vya watengenezaji, X-Pro2 inapiga kama picha 350 ukitumia kioo na kama 250 ukitumia skrini ya ndani. Betri ya zamani itatoa pungufu ya hapo. Wewe nadhani unaacha skrini kubwa ya nyuma ikiwaka siku nzima na picha kujionyesha baada ya kila shata. Zima kule kujionyesha. Kwa kitufe cha kuchagua pa kutazamia, weka hali ambayo tundu linawaka jicho linaposogea tu na skrini ya nyuma inakaa kimya. Kisha nunua betri mbili zaidi, na zisikae begi moja na zilizokwisha. Mimi zilizokwisha naziweka mfuko wa kushoto. Kamera hii haichaji kwa waya wa simu, betri inatolewa na kuwekwa kwenye chaja yake, kwa hiyo kuichomeka kamera kwenye pawabenki hakutakuokoa ukiwa ziwani au umeme ukikatika. Chaji usiku wa kuamkia kazi, zote tatu.

Mambo madogo ya kuyachunga: ukiwa kwenye kioo unaweza kupiga na kifuniko kikiwa mdomoni mwa lenzi na usijue, kwa sababu dirisha haliko nyuma ya kifuniko. Kifuniko kikitoka asubuhi kiende mfukoni mpaka jioni. Kidole cha mkono wa kushoto nacho hupenda kugusa kijidirisha cha mbele. Kwa mji wetu, ambako mkono umetoka kushika sahani ya wali na mboga ya mawese, alama moja ya mafuta pale inafanya dunia yote iwe na ukungu, ukadhani ni lenzi. Beba kitambaa safi cha pamba. Na usiiweke kamera juu ya ukingo wa mtumbwi tundu la kuchungulia likitazama jua la saa sita. Mwanga ule ukikusanywa na kioo cha tundu unaweza kuichoma skrini ya ndani, doa ambalo halifutiki.

Nakushauri basi ubaki nayo. Kama ungeniambia kazi yako ni picha za pasipoti na za bidhaa za dukani ningesema ibadilishe kesho, maana huko kila kitu kiko karibu na kioo hakina msaada. Wewe unapiga watu wanaotembea, wanaocheza, wanaobeba, na mwanga unaobadilika.

Na yule fundi: fanya lile zoezi la matofali kwanza, na lenzi ya 35mm. Ukiona mita 5 na kuendelea mistari na picha vinakubaliana, ukiacha ile ziada kidogo ya pande zote, kioo chako kizima. Ukiona hata kwa mita 10 picha imehama upande mmoja kwa kiasi cha tofali zima na zaidi, au mistari imekaa kimshazari wakati ukuta umenyooka, hapo pana ubovu wa kweli, na hapo ndipo kaka yako airudishe kwa aliyemuuzia, ikiwa haijaguswa na bisibisi ya mtu yeyote.